Shamba la Bibi lilikuwa la nani?

Katika siasa zetu, "shamba la bibi" ni tusi. Mbunge akitaka kusema kwamba mali ya umma inachotwa na kila mpita njia bila mwenyewe kuuliza, husimama na kutangaza kwamba nchi imegeuzwa shamba la bibi, na ukumbi hupiga makofi. Sijui ni wangapi kati ya wanaopiga makofi wanaokumbuka kwamba lipo Shamba la Bibi lenye mipaka na alama zake ardhini. Kwa watu wa Rufiji, Kilwa na Liwale, hilo ndilo jina la kawaida la Pori la Akiba la Selous. Masimulizi yao yanasema kuwa Wilhelm wa Pili, mfalme wa Wajerumani, alimpa mkewe pori hilo kuwa zawadi ya ndoa yao.

Ni hekaya, na wanahistoria wameizoea kama hekaya. Hata hivyo, naona kwamba imebeba jambo zito kuliko hati nyingi tunazozitunza katika nyaraka. Inasema kwamba ardhi ilitolewa na mtu asiyekuwa mwenyewe, akapewa mtu asiyewahi kuikanyaga. Na neno lililochaguliwa na wasimuliaji si pori wala mbuga. Ni shamba.

Katika vyuo vyetu Vita vya Majimaji hufundishwa katika somo moja na uhifadhi wa wanyamapori katika somo jingine, mara nyingi katika idara nyingine na jengo jingine. Mwanafunzi anaweza kuhitimu akijua habari za Kinjikitile kwa kichwa, na mwenzake akahitimu akijua idadi ya tembo wa Selous, bila yeyote kati yao kuambiwa kwamba mambo hayo mawili yametokea juu ya ardhi ileile. Ukichukua ramani ya nchi iliyowaka moto mwaka 1905 na ramani ya Pori la Akiba, ukaiweka moja juu ya nyingine, utaona jinsi zinavyolaliana. Makala haya ni jaribio la kuzisoma pamoja, na ili kuzisoma nitaomba tupande juu ya dungu.

Kwa msomaji ambaye hajalima bondeni, dungu ni ulingo wa miti uliojengwa shambani juu ya nguzo, wenye kijipaa cha makuti au nyasi, ambamo mkulima hukaa usiku kucha akilinda mazao. Rufiji madungu mengine ni nyumba kamili: familia hupika, hulala na hulea watoto humo wakati maji yamefunika ardhi chini yao.

Mto wenyewe huzaliwa pale Kilombero inapokutana na Luwegu, hupokea Ruaha Mkuu kutoka magharibi, hupenya korongo jembamba ambalo vitabu vililiita Stiegler, kisha hutoka katika milima na kutulia. Beseni lake hukusanya maji ya karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kutoka korongo hadi baharini ardhi ni tambarare, na mto hutanga-tanga ndani ya bonde pana, ukiacha mkondo wa zamani na kuchimba mpya, ukitengeneza maziwa kama Zumbi, Ruwe na Uba. Mwishoni hugawanyika katika matawi mengi ya delta, ndani ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wowote katika Afrika Mashariki. Boriti za mikoko hiyo zilisafiri kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, zikaezekea nyumba za watu ambao hawakupata kuliona bonde hili.

Warufiji waliuelewa mto huu kama mtu anavyoielewa tabia ya mzee wa nyumba. Mpunga ulipandwa mvua zilipoanza, ukakua pamoja na maji ya masika yalipopanda. Maji yaliposhuka, kwenye tope lililobaki walipanda mahindi, kunde na maboga bila kusubiri mvua nyingine. Kilimo hiki cha pili kinaitwa mlau, na ndicho kilichowaokoa mwaka ambao gharika imezidi na mpunga umezama. Gharika iliyoharibu zao moja ililipia zao la pili. Bonde lilitoa nafaka ya ziada, ikauzwa pwani na hata Unguja.

Lakini tope hilohilo liliwaalika wengine. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, na haoni tofauti kati ya jani la mto na jani la mpunga. Nguruwe mwitu huja kwa makundi na kufukua. Nyani huja mchana, ndege huja alfajiri, tembo huja anapotaka. Kulima Rufiji kulikuwa nusu jembe na nusu ulinzi, na ulinzi haukuishia kwenye dungu. Kulikuwa na mitego, mashimo, mioto ya kusafisha vichaka, na misako ambapo wanaume wa vijiji kadhaa walitandaza nyavu na kuwafukuzia nguruwe humo. Wanyama hawakumalizwa, na hakuna aliyetaka kuwamaliza, kwa kuwa nyama ilikuwa kitoweo. Walisukumwa tu hadi mahali ambapo binadamu aliweza kuvuna. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu ikolojia na historia ya Afrika Mashariki, alieleza vizuri jambo hili: kabla ya ukoloni, mpaka kati ya shamba na pori ulikuwa kazi ya mikono ya watu, na ulidumu kwa sababu mikono hiyo ilikuwepo.

Mwaka 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, alitoa amri ya kwanza ya jumla ya kulinda wanyamapori katika koloni. Uwindaji ukawa wa leseni, na yakatengwa maeneo mawili ya hifadhi: moja magharibi ya Kilimanjaro na jingine Rufiji. Zingatia, msomaji, kwamba bonde lilikuwa la kwanza kabisa kuingia katika orodha. Amri zilizofuata zilizidi kubana. Baruti ikawa haba, na njia za uwindaji za wenyeji, hasa nyavu, zikaitwa ukatili na kupigwa marufuku. Mzungu aliyekuwa na leseni aliweza kupiga tembo, ilhali mkulima aliyenasa nguruwe shambani kwake alikuwa mhalifu.

Hapo niseme jambo moja la pembeni. Mjeledi wa dola hiyo ulitengenezwa kwa ngozi ya kiboko, ukaitwa kwa jina la mnyama mwenyewe, na hadi leo mwalimu wa shule akishika fimbo tunasema ameshika kiboko. Hesabu ya kawaida ilikuwa hamsa ishirini, viboko 25. Mkulima wa Rufiji alipoliwa mpunga wake na kiboko wa mtoni, kisha akachapwa kwa kiboko wa ofisini kwa sababu ya kodi aliyoshindwa kulipa kutokana na mpunga ulioliwa, lugha yetu ilifunga mzunguko wote katika neno moja.

Kodi ya kibanda ilianza mwaka 1898. Mwaka 1902, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, yakaletwa mashamba ya pamba ya pamoja, yaliyosimamiwa na maakida na majumbe. Watu walilazimishwa kulima pamba katika siku zilezile ambazo mashamba yao yalihitaji jembe na ulinzi. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha, kwa mfano wa Uzaramo, jinsi mambo haya yalivyoungana: wanaume wanavutwa kwenye kazi za mbali, nyavu zimekatazwa, nguruwe wanaongezeka, na wanawake wanabaki peke yao na mazao yanayoliwa mbele ya macho yao. Njaa iliyofuata haikuwa ya ukame peke yake. Ilikuwa na sahihi ya serikali.

Sasa tufike Ngarambe. Mwaka 1904, yasemavyo masimulizi yaliyokusanywa na Gilbert Gwassa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, Kinjikitile Ngwale alichukuliwa na pepo Hongo akaingia ndani ya maji. Ndugu zake walimtafuta wasimwone. Kesho yake akatoka, nguo zake zikiwa kavu. Watu wakamiminika kwake kutoka Umatumbi, Ungindo na Rufiji kuchukua dawa. Kila mwanafunzi wa sekondari anajua kilichokuwa ndani ya ahadi hiyo, hasa baada ya tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969: risasi zingegeuka maji.

Kile ambacho wanafunzi hawaambiwi ni kwamba ahadi ya risasi haikuwa pekee, na huenda haikuwa ya kwanza. Maandishi ya ofisa wa Kijerumani aliyechunguza chanzo cha vita mara baada ya kuzuka yanaeleza kwamba wajumbe waliipeleka dawa vijijini kama kinga ya njaa na maradhi, na hasa kama kinga ya mashamba dhidi ya nguruwe mwitu. Ingeleta mavuno mazuri kiasi kwamba mtu asingehitaji tena kufanya kibarua kwa mgeni. Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi, na kila mara hunigutua. Tumejenga simulizi la taifa juu ya bunduki na maji, tukaacha nje mnyama aliyekuwa akilitafuna shamba. Dawa ile ilikuwa, kwa kipimo kikubwa, dawa ya mkulima aliyenyang'anywa wavu wake.

Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba huko Nandete. Kinjikitile alinyongwa Mohoro, karibu na delta ya mto, mwanzoni mwa Agosti, kabla vita havijasambaa. Vikasambaa bila yeye hadi Ungoni na Mahenge. Götzen alivimaliza kwa njaa: maghala yalichomwa, mazao yakaharibiwa, visima na vijiji vikateketezwa. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo kuwa 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa. Wazungu waliokufa upande wa pili ni 15.

Vitabu vya shule hufunga sura hapo, kwa maneno ya ushujaa na umoja. Lakini ardhi haikufunga sura. Shamba lisilolimwa miaka mitatu huwa kichaka, na kichaka huwa nyumba ya mbung'o. Mbung'o huleta malale. Nguruwe na tembo hufuata njia zilizoachwa wazi. Ungindo, nchi iliyokuwa na vijiji na njia za biashara kati ya Kilwa na bara, ikaanza kuonekana kwa wageni kama nyika isiyowahi kukaliwa. Msafiri wa mwaka 1920 aliyeona tembo wakipita chini ya maembe hakujiuliza nani aliyapanda maembe hayo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipita hapa pia. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar mwezi Septemba 1914, ilijificha katika matawi ya delta hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Tarehe 4 Januari 1917, Frederick Courteney Selous, mwindaji mashuhuri aliyejiunga na jeshi la Uingereza akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alipigwa risasi Beho Beho, akazikwa hapo. Kaburi lake lipo na watalii hupelekwa kuliona. Wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa njaa, kuhara na mafuriko katika kampeni hiyo hawana hata kijiwe. Waingereza walipopanga upya hifadhi mwaka 1922 waliipa jina la Selous. Mtu mmoja aliyekufa akipita alipewa nchi nzima iwe kumbukumbu yake, na maelfu waliokufa wakiilima hawakupewa kitu.

Kuikuza hifadhi hiyo kulikuwa kazi ya C.J.P. Ionides, aliyeingia Idara ya Wanyamapori mwaka 1933 na kuishi Liwale, bwana wa nyoka ambaye wazee wa kusini bado wanamsimulia. Sina sababu ya kumfanya shetani. Aliijua nchi kwa miguu kuliko maofisa wote wa wakati wake. Lakini alikuwa na shabaha moja: kuwatenga tembo na watu, na katika kuwatenga, waliohama walikuwa watu. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba malale yameingia Liwale magharibi, ikawahamisha wakazi kuwaweka katika makazi ya pamoja. Ardhi waliyoiacha ikaunganishwa na hifadhi. Malale yalikuwa kweli, sikatai. Ninachouliza ni kwa nini dawa ya ugonjwa ulioletwa na vichaka ikawa kuongeza vichaka.

Tulipata uhuru, na hapa ndipo makala haya yanapoanza kuniuma, kwa sababu kuwalaumu Wajerumani na Waingereza ni kazi rahisi. Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alitoa tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, akiahidi dunia kwamba serikali mpya itawatunza. Ahadi hiyo ilitimizwa. Hifadhi ilibaki, ikapanuka hadi kukaribia kilomita za mraba 50,000, na mwaka 1982 ikaingia katika Urithi wa Dunia. Upande wa watu, gharika ya mwaka 1968 ilifuatiwa na Operesheni Rufiji, miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa za kuwahamishia watu vijijini. Serikali iliona watu juu ya madungu katikati ya maji, ikawahurumia, ikawahamishia kwenye miinuko ya kaskazini ya bonde ambako ingewapelekea shule, zahanati na maji ya bomba. Nia ilikuwa njema. Lakini chakula kilibaki bondeni. Mkulima aliyekuwa akiishi shambani sasa aliishi mbali na shamba lake, akivuka mto kwa mtumbwi kwenda kulinda. Watoto waliokuwa wakifukuza ndege walikuwa darasani, kama ilivyostahili. Ulinzi uliokuwa kazi ya ukoo mzima ukawa kazi ya mtu mmoja au wawili ndani ya dungu, usiku, peke yao.

Mzee mmoja wa kijiji cha kaskazini ya mto, aliyehamishwa akiwa kijana, alinieleza hesabu hiyo vizuri kuliko mtafiti yeyote. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza nimekuja kwa ajili ya tembo au kwa ajili ya bwawa, kwani wageni wote wa siku hizi wana moja ya hayo mawili. Nilipomwambia nataka habari za madungu, alicheka.

"Mwalimu, hilo haliulizwi," akasema. "Haya, kaa. Watu wote huniuliza simba. Simba hatukumwogopa kama nguruwe. Simba huja siku moja. Nguruwe huja kila siku, na ni yeye anayemleta simba."

Sentensi hiyo ya mwisho ilinirudisha kwenye makala ya kisayansi niliyokuwa nimeisoma. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, miongoni mwao watafiti wa Kitanzania, walichapisha katika jarida la Nature kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 nchini mwetu na kujeruhi zaidi ya 300. Rufiji na Lindi ndizo zilizoongoza. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, na yalikuwa mengi mahali penye nguruwe mwitu wengi na wanyama wengine wachache. Simba huwafuata nguruwe, nguruwe huufuata mpunga, na mpunga unalindwa na mtu aliyelala kwenye dungu. Mfuatano ambao ofisa wa Kijerumani aliuona nusu mwaka 1905 ulikuwa bado unafanya kazi karne moja baadaye. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja, aliyebandikwa jina la Osama kwa ucheshi mchungu wa nyakati zile, aliua zaidi ya watu 30 katika vijiji vya Rufiji kabla hajapigwa risasi. Alikutwa na jipu kubwa chini ya jino. Magazeti yaliliandika sana jino hilo. Juu ya nguruwe yalikuwa kimya.

Wakati huohuo dunia ilikuwa ikiwahesabu tembo. Mwaka 1976 waliohesabiwa katika Selous na maeneo yanayoizunguka walizidi 100,000. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwafyeka, Operesheni Uhai ya mwaka 1989 na marufuku ya kimataifa ya meno ya tembo vikawapa nafuu, wakafika takriban 39,000 mwaka 2009, na kufikia 2013 wamebaki 13,000 hivi. Mwaka 2014 Selous ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ndege zilizohesabu mizoga zilipita juu ya madungu. Nimetafuta katika ripoti za sensa safu ya idadi ya madungu, au ya ekari zilizofukuliwa, nisiione. Shamba la Bibi kweli liligeuka shamba la bibi kwa maana ile ya bungeni, na sikubaliani na wanaomtupia lawama mwanakijiji aliyebeba gunia la mchele wa majangili. Meno ya tembo maelfu hayapiti bandarini ndani ya gunia la mchele.

Sheria yetu inamkumbuka mwathirika kwa namna yake. Aliyeliwa mazao hupewa kifuta jasho, na aliyefiwa hupewa kifuta machozi. Maofisa hukazia kwamba hii si fidia, na wako sahihi, kwa sababu fidia hudaiwa na mwenye haki na kifutio hutolewa na mwenye huruma. Sijawahi kuona lugha ya sheria ikikiri waziwazi hivi uhusiano uliopo kati ya dola na mkulima. Nayo Ngarambe, kijiji cha Kinjikitile, pamoja na jirani yake Tapika, sasa ni eneo la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori linalopakana na Selous. Wanakijiji wanategemea mgao wa mapato ya wawindaji wa kitalii. Wapo wanaosema ni maendeleo, na kwa ulinganisho na mwaka 1896 nadhani ni kweli. Walau sasa kuna jina la kijiji kwenye karatasi.

Mwaka 2019 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Sehemu kubwa ya Selous, kilomita za mraba 30,893, ilimegwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Na katika korongo la Stiegler, lililoitwa kwa jina la mzungu anayesemekana kuuawa na tembo hapo mwaka 1907, likawekwa jiwe la msingi la bwawa la umeme la megawati 2,115, nalo likapewa jina la Mwalimu. Majina ya kigeni yakaondoka mawili kwa mkupuo, na niliposikia nilifurahi. Furaha haikudumu. Katika mabishano makali ya miaka ile, upande mmoja ulisimama na tembo na Urithi wa Dunia, upande wa pili ukasimama na umeme na heshima ya taifa. Mkulima wa mlau hakuwa na upande. Bwawa lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Tope lililokuwa likishuka na masika sasa hutua kwanza nyuma ya ukuta, na samaki wa Zumbi na Ruwe, ambao huongezeka mto unapoyafikia maziwa yao, hutegemea ratiba ya mitambo. Halafu Aprili 2024, mvua za El Niño zilipozidi, Rufiji na Kibiti zilifunikwa. Serikali ilisema gharika hizi ni za kale na kwamba bwawa limezipunguza makali. Wengi bondeni waliamini kuwa ni bwawa lililofunguliwa juu yao.

Nilimuuliza yule mzee yeye anaamini lipi. Hakunijibu moja kwa moja.

"Zamani," alisema, "maji yalipokuwa yanakuja tuliyajua. Rangi ilibadilika kwanza, kisha majani yakaanza kushuka, kisha viboko wakahamia pembeni. Ulikuwa na siku zako kadhaa za kupandisha vitu darini. Sasa rangi haisemi kitu. Wewe mwalimu, uko Dar es Salaam huko. Nani anayefungua? Ana namba ya simu?"

Niliahidi kuuliza. Jua lilikuwa linashuka, naye akaninyanyua kwa upole niwahi barabara kabla ya giza. Yeye alikuwa na kazi ya kutafuta miti migumu ya nguzo. Dungu lake la mwaka uliopita viboko walikuwa wameling'oa nguzo mbili, na mpunga ulikuwa umeanza kuchanua.